Kuiachia programu ipange miadi ya mkurugenzi: mipaka iwekwe wapi?

KatibuPosta ameuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kuipita njia hii. Mimi ni katibu mahsusi katika taasisi binafsi hapa Dar es Salaam, na kwa miaka tisa nimetunza shajara ya mkurugenzi wangu kwa mkono: daftari jeusi mezani, kalenda ya Google kwenye kompyuta, na simu yangu kwa ajili ya wale wasioiamini barua pepe. Miezi miwili iliyopita mkurugenzi alirudi kutoka Nairobi akiwa na jambo jipya. Mwenzake wa huko alimwonyesha programu inayoisoma kalenda na kutoa ukurasa wenye nafasi zilizo wazi, na mgeni akajichagulia mwenyewe saa anayoitaka bila kumpigia mtu simu. Toleo tulilolipia lina pia msaidizi wa akili mnemba anayesoma barua pepe za maombi ya miadi na kuzijibu kwa niaba ya bosi. Nikaelekezwa kwamba kuanzia siku hiyo maombi yote, bila kubagua, yapitie humo.

Sikatai kwamba imenipunguzia kazi. Wauzaji wa vifaa vya ofisi, vijana wanaotafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo, waandishi wa habari wanaotaka dakika kumi za mahojiano, wote hao sasa wanajipangia wenyewe na simu yangu imepumzika. Lakini ndani ya wiki sita yametokea mambo matatu yaliyoninyima raha.

La kwanza, mshirika wetu wa Morogoro aliandika kwa Kiswahili kwamba angependa waonane Jumatano saa nane mchana, na msaidizi akaandika kwenye kalenda 8:00 asubuhi. Mkurugenzi aliwahi ofisini akamngoja mtu ambaye wakati huo alikuwa hata hajatoka kwake, kisha akaenda zake stesheni kupanda treni ya Dodoma. Mgeni alifika saa nane kamili, akanikuta mimi na aibu yangu. La pili, mkurugenzi alikuwa likizo siku tatu, nami niliiandika likizo hiyo kwenye kalenda kama tukio la siku nzima, lakini programu ikaendelea kuzigawa siku zile kana kwamba hazina mwenyewe, na watu wawili wakapewa nafasi. La tatu ndilo lililoniuma zaidi. Mjumbe wa bodi yetu, mzee aliyepindukia miaka 70, alinipigia simu akitaka kuonana na mkurugenzi. Kwa kuwa nilikuwa nimeagizwa, nikamtumia linki. Baada ya dakika chache akapiga tena, wala hakugomba, akasema tu: "Binti yangu, siku hizi nikitaka kumwona mwanangu napewa namba ya foleni?" Sikuwa na jibu.

Kuna pia suala la nywila. Ili kuiunganisha programu na kalenda, mkurugenzi alinipa nywila ya akaunti yake, na kila nikitaka kurekebisha jambo naingia kwa jina lake. Namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu yake, na mara nyingi yeye yuko kikaoni au yuko angani, basi nami nakaa kuitazama skrini.

Ninachouliza ni hiki: je, ni sahihi kuendelea kuingia kwa nywila yake? Programu iruhusiwe kuona nini katika maisha ya mtu ambaye si mimi, na ni kazi ipi nibaki nayo mwenyewe hata kama mkurugenzi amesema yote yapite humo? Sitaki nionekane nakataa teknolojia kwa kuogopa kupoteza ajira.

FundiMifumo amejibu:

Dada, pole kwa yaliyokukuta. Nianze na nywila kwa sababu hilo halina mjadala: acha leo. Ukiingia kwa jina la bosi, kila kitakachofanyika kitahesabika kuwa amekifanya yeye, kiwe kizuri au kibaya, na siku barua itakapofutwa au mwaliko utakapokwenda kwa mtu asiyestahili hutakuwa na njia ya kuonyesha kwamba hukuwa wewe. Isitoshe, nywila ile haifungui kalenda peke yake. Inafungua barua, nyaraka, picha na pengine hata mahali alipohifadhi nywila zake nyingine.

Kalenda zenyewe zina utaratibu wa kukabidhi sehemu ya mamlaka. Katika kalenda ya Google, mwenye kalenda huingia kwenye mipangilio, huongeza anwani yako wewe, kisha huchagua mojawapo ya viwango vinne: kuona tu kama yuko huru au ana shughuli, kuona maelezo yote ya matukio, kubadilisha matukio, au kubadilisha na pia kuamua nani mwingine ashirikishwe. Kwa katibu kiwango cha tatu kinatosha. Lakini mweleze mkurugenzi wako jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba mtu mwenye kiwango hicho huona hata matukio yaliyowekewa alama ya faragha. Outlook inakwenda kinyume: mtu aliyekabidhiwa kalenda haoni matukio ya faragha mpaka mwenyewe aweke alama kwenye kisanduku cha kumruhusu. Kama ana mambo ambayo hata wewe hupaswi kuyajua, basi ayaweke kwenye kalenda nyingine na kwenye hii aache neno moja tu, "shughuli".

Kuhusu programu, bosi mwenyewe ndiye anayepaswa kuiunganisha, mara moja tu, akiwa ameketi pembeni yako, akisoma ule ukurasa unaoorodhesha ruhusa zinazoombwa badala ya kubonyeza "kubali" kwa mazoea. Ukurasa wa kujipangia miadi unahitaji mambo mawili: kujua ni saa zipi zimeshikwa, na kuandika miadi mpya. Hauhitaji kujua ni nani aliyezishika. Msaidizi anayesoma barua pepe ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ukimruhusu kusoma sanduku la barua anasoma sanduku zima, yakiwemo mazungumzo ya mishahara na kesi. Ushauri wangu ni kwamba mfungue anwani ya pekee kwa ajili ya miadi, msaidizi akae huko, na barua zinazohusu miadi tu zielekezwe kwake. Na asithibitishe chochote mwenyewe. Aandike rasimu, wewe uipitie, ndipo itumwe.

Lile la likizo lina sababu yake. Katika kalenda nyingi, tukio la siku nzima huanza likiwa limewekwa "huru", kwa kudhani kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mtu au sikukuu ya kukumbukwa tu. Programu haisomi neno "likizo". Inasoma alama ya huru au ana shughuli. Fungua tukio, badilisha alama hiyo, na nafasi zote za siku ile zitafungika. Nakushauri upitie matukio yote ya siku nzima mpaka mwisho wa mwaka, maana naamini utayakuta mengine yenye kasoro hiyohiyo.

Jambo jingine usiloliuliza lakini litakuja kukusumbua: unapoandaa kikao, kiandalie ndani ya kalenda ya bosi, usikiandalie kwenye kalenda yako halafu ukamwalika bosi kama mgeni. Kila mwaliko una mwandaaji mmoja, na ndiye mwenye uwezo wa kuubadilisha kwa wote. Nimewahi kufunga akaunti ya katibu aliyehamia ofisi nyingine, tukagundua baadaye kwamba vikao vya robo mwaka mzima vilikuwa vimeandaliwa kwa jina lake, na hapakuwa na mtu wa kuvisogeza.

Mwisho ni nafasi ya katikati. Programu inaamini kwamba kikao kinachoisha saa nne kamili Masaki na kinachoanza saa nne kamili Posta havigongani, kwa kuwa haijawahi kukaa kwenye foleni ya daraja la Selander. Ukurasa wa miadi wa Google na programu nyingi za aina hiyo zina mahali pa kuweka muda wa kupumua kabla na baada ya kila miadi, idadi ya juu ya miadi kwa siku, na saa ngapi kabla mgeni anaruhusiwa kuchagua. Weka vyote vitatu. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, mabosi wa hapa hujiandikia kikao cha Dodoma na cha Dar ndani ya siku moja, na safari yenyewe hawaiandiki. Safari nayo ni tukio. Iandike, tena na muda wa kufika stesheni.

BiMkubwaOfisini amejibu:

Mwanangu KatibuPosta, nimefanya kazi hii kuanzia enzi za taipureta mpaka nilipostaafu, nikiwa Tanga na baadaye Unguja. Fundi amesema vema kuhusu mitambo, nami sitayagusa hayo. Nitasema juu ya saa, kisha juu ya yule mzee.

Programu hizi zimetungwa na watu ambao kwao siku huanza usiku wa manane. Kwetu saa huhesabiwa tangu jua lichomoze, kwa hiyo 8:00 ya mtambo ni saa mbili asubuhi ya watu, na saa nane mchana ya watu ni 14:00 ya mtambo. Hilo kila mtu analijua mpaka pale anapolisahau. Neno "mchana" lilikuwepo katika barua ya mtu wa Morogoro na bado msaidizi akalipuuza, kwa sababu aliishika namba na kuiacha lugha. Usitegemee kwamba atajifunza. Agiza kwamba kila jibu linalotoka ofisini kwenu liandike saa mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu za saa 24: "Jumatano saa nane mchana, yaani 14:00". Mgeni akiona vinapingana atapiga kelele mapema, naye ndiye mlinzi wako wa mwisho.

Kuna kosa jingine ambalo bado halijakufika. Wazee wa pwani wakikwambia "usiku wa Ijumaa" wanaweza kuwa na maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani ule ambao kijana wa leo anauita Alhamisi usiku, kwa kuwa siku yao inaingia jua linapotua. Niliwahi kumpeleka bosi kwenye khitma siku moja baada ya watu kutawanyika, nami nilikuwa binadamu mwenye akili zangu timamu na tena mtoto wa pwani. Mtambo utaweza? Ukisikia neno "usiku" katika miadi, uliza: "wa kuamkia lini?"

Sasa kuhusu mzee. Kosa halikuwa lako bali la agizo lililosema "bila kubagua". Shajara ya mkubwa kazi yake ni kubagua, na heshima ya ofisi inakaa katika kujua nani anabaguliwa vipi. Linki anapewa mtu anayehitaji kitu kutoka kwa bosi wako. Mtu ambaye bosi wako ndiye anayemhitaji, au aliyemlea, au aliyemtangulia kazini, anapigiwa simu, anaulizwa hali, anaulizwa nyumbani hawajambo, ndipo anaulizwa ni siku gani itamfaa. Na usidhani kwamba sisi tu ndio wenye makuu. Hata Marekani, Januari 2022, watu walibishana kwa siku kadhaa kwenye Twitter kama kumtumia mtu linki ya Calendly, programu ya kujipangia miadi kama hiyo yenu, ni kumrahisishia au ni kumwambia ajihudumie mwenyewe. Kama kwao wanaoitengeneza wanaona ina harufu ya dharau, mzee wako hakukosea kuinusa.

Keti na mkurugenzi umwombe majina. Usimwombe kanuni, mwombe majina. Watu 30 au 40 ambao kamwe hawatumiwi linki. Atacheka, halafu ataanza kuyataja, na katikati ya kuyataja ataelewa mwenyewe unachokisema.

Nikumbushe na msiba. Ukitokea msiba wa mtu wa karibu, kalenda ya siku mbili au tatu inafutwa yote, na kazi ya katibu siku hiyo ni kujua ni nani ataelewa kwa ujumbe mfupi, nani lazima aombwe radhi kwa sauti, na kikao kipi kitaendelea akikaimu mtu mwingine. Programu itawatumia wote sentensi ileile: miadi yako imeghairiwa, tafadhali chagua nafasi nyingine. Kabla hayajakufika, mwulize Fundi namna ya kuizima kauli hiyo. Sikukuu za Idi nazo ziangalie. Tarehe inayojaa yenyewe kwenye kalenda ni ya makadirio, na mwezi ukiandama au usipoandama ni wewe utakayesogeza vikao vya watu usiku.

Daftari_Halizimi amejibu:

Mimi natumia daftari la miadi na penseli, bosi wangu naye ana lake, na kila asubuhi tunayalinganisha kwa dakika tano. Umeme ukikatika tunaendelea. Sijaona katika maelezo yote yaliyotangulia tatizo ambalo dakika tano hizo haziliondoi, na nashangaa tunavyolipia kila mwezi ili tuongezewe kazi ya kukagua.

FundiMifumo amejibu:

Ndugu Daftari, dakika tano zinatosha kwa bosi anayekaa ofisini. Bosi wa KatibuPosta yuko Dodoma leo na Nairobi kesho, na maombi yanaingia akiwa njiani. Daftari likibaki mezani Posta, yeye halioni, na akikubali jambo huko aliko katibu wake halioni. Hata hivyo, hilo la kulinganisha kila asubuhi nalichukua. KatibuPosta, lifanye kwa simu kama hayupo.

BosiMstaafu amejibu:

Nimesoma kwa makini kwa kuwa mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, na naona hakuna aliyetutaja sisi wenye kalenda kwa ubaya tunaostahili.

Kwanza, migongano mingi ya miadi katika ofisi yangu niliisababisha mimi. Nilikuwa nikikutana na mtu kwenye harusi au uwanja wa ndege, namwambia "njoo Alhamisi", kisha nasahau kumwambia katibu. Programu haikuwepo harusini. Ikaona Alhamisi iko wazi, ikamgawia mtu mwingine, na lawama akazibeba katibu. Tulipatana mwishowe kwamba nikiahidi jambo kwa mdomo, papo hapo namtumia katibu ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, sekunde kumi tu, jina na siku. Nisipotuma, ahadi hiyo haina mtetezi, hata aliyeahidiwa awe nani. Mwombe mkurugenzi wako akubali sharti la namna hiyo, maana bila hilo hakuna mpangilio utakaosimama.

Pili, na hili ni zito zaidi. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilikuwa nikihudhuria kliniki kila Jumanne, na katibu wangu, kwa nia njema kabisa, aliandika kwenye kalenda jina la kliniki na aina ya ugonjwa ili mtu akikaimu nafasi yake asije akazigusa saa zile. Tulikuwa na msaidizi kama huyo wenu. Mtu wa nje, wala si wa karibu, aliomba Jumanne, na msaidizi akamjibu kwa adabu kubwa kwamba muda huo haupatikani kwa sababu mkurugenzi ana miadi kliniki fulani, angependa siku gani nyingine? Siku mbili baadaye nilikuwa napewa pole na watu ambao hata sikuwa na namba zao. Hapakuwa na mtu mbaya katika mkasa wote huo. Mashine iliulizwa swali ikajibu kwa kile ilichopewa.

Kwa hiyo pale unapouliza programu iruhusiwe kuona nini, jibu langu ni kwamba usiangalie tu ruhusa, angalia pia unachokiandika. Kichwa cha tukio kiandikwe kama vile kitasomwa na mtu usiyemjua. "Nje ya ofisi" inatosha. Tusisahau pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Habari za afya ya mtu ziko katika kundi la taarifa nyeti, na ipo pia sehemu inayoweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, ambako ndiko kompyuta za programu nyingi za aina hii ziliko. Wageni nao wana haki humo. Ile fomu ya kujipangia miadi inayomtaka mgeni ajaze jina, simu, mahali anapofanya kazi na sababu ya kumwona mkurugenzi inakusanya taarifa zake binafsi, basi ulizeni yale mnayoyahitaji tu, na mwanasheria wa taasisi auone mkataba wa programu kabla ya mwaka wa pili wa malipo.

KatibuPosta ameandika:

Nawashukuru wote, na shikamoo Bi Mkubwa. Nimefungua matukio ya siku nzima kama Fundi alivyoelekeza na nimekuta mengine saba yaliyoandikwa "huru", mojawapo likiwa safari ya siku nne ya mwezi ujao ambayo tiketi yake nimekwisha kuilipia. Nywila nimeirudisha, mkurugenzi amenipa kiwango cha tatu, na ilichukua dakika mbili, jambo ambalo limenisikitisha nikikumbuka muda nilioupoteza nikingoja zile namba za uthibitisho.

Naomba niongeze swali moja. Kila Jumanne mkurugenzi ana kikao cha mtandaoni na wafadhili wa London, na ndani ya programu kimewekwa saa sita mchana. Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, kilihama chenyewe. Nilidhani ni wao waliobadilisha, wao wakadhani ni sisi. Je, programu inaweza kuzuiwa isifanye hivyo?

MswahiliReading amejibu:

Dada, hilo linanihusu kwa kuwa nakaa Uingereza na kazi yangu ni kuratibu vikao kati ya huku na huko. Kikao hakikuhama, Uingereza ndiyo iliyohama. Huku saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati Afrika Mashariki haibadilishi saa kamwe. Majira ya joto mnatutangulia kwa saa mbili, majira ya baridi kwa saa tatu. Kikao chenu bila shaka kiliandaliwa na mtu wa London kwa saa za eneo lake, 10:00 yake ya kila Jumanne. Kuanzia Machi hadi Oktoba hiyo ni saa sita mchana ya Dar, na Oktoba ikiisha inakuwa saa saba. Programu ilifanya ilichotakiwa kufanya. Kilichokosekana ni mtu wa kukuonya wewe kwamba saa saba hiyo tayari ina mwenyewe.

Kama bosi wako ndiye mwenye siku ngumu zaidi, ombeni kikao kiandaliwe upya kwa saa za Dar es Salaam, ili kibaki saa sita daima na wao ndio wahame. Wafadhili hawapendi sana, lakini nimeona wakikubali. Mkiwa pia na watu wa New York, jueni kwamba Marekani hubadilisha saa kwa tarehe zake, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kila mwaka kuna wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja kuanzia Jumapili hiyo ya mwisho ya Oktoba ambapo tofauti mliyoizoea kati ya London na New York haipo. Wiki hizo mimi siachii programu yoyote ithibitishe kitu. Nazifungia na kupanga kwa mkono.

Nina neno pia juu ya yule msaidizi wa barua pepe. Ajitambulishe kwamba ni programu. Kulikuwa na kampuni ya New York, x.ai, iliyojulikana sana kwa wasaidizi wake wa kupanga miadi kwa barua pepe walioitwa Amy na Andrew, na watu wengi waliandikiana nao wakidhani ni makatibu wa kweli. Ilinunuliwa mwaka 2021 na huduma ile ikafungwa mwaka huohuo, na waliokuwa wameitegemea kabisa wakatafuta pengine pa kuanzia. Hapo nampa Ndugu Daftari nusu ya haki yake: kila Ijumaa mimi huchapisha kalenda ya wiki mbili zijazo kwenye karatasi.

KatibuPosta ameandika:

Nimekaa na mkurugenzi leo. Majina yamefika 43, na alipofika la 20 aliweka kalamu chini akaniuliza nani mwingine amekwisha kutumiwa linki. Nikamtajia wawili, amesema atawapigia mwenyewe. Msaidizi tumemwondoa kwenye sanduku lake la barua na tunafungua anwani ya miadi peke yake wiki ijayo. Sharti la ujumbe wa sauti amelikubali, ingawa jioni hiihii nimesikia kwa dereva kwamba amemwahidi mtu Jumamosi.

Kwa mzee wa bodi nimepiga simu mimi kwanza, kumwomba radhi. Amesema atakuja Alhamisi. Nilipomuuliza saa ngapi, akanijibu: "Nikishaswali adhuhuri na kula." Nimefunga kuanzia saa saba mpaka saa kumi jioni, na kichwa cha tukio nimeandika "Nje ya ofisi".